Mbolea ilichukuliwa Jumanne, na mume wangu hakufika nyumbani

Kwako mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 37, na ninaishi Lugari, Kaunti ya Kakamega. Jina langu naomba usilitaje. Huku kwetu kila mtu anasoma kwa simu, na habari inafika kwa mama mkwe kabla sijarudi kutoka kisimani.

Mume wangu anafanya kazi ya mjengo Nairobi, tangu mtoto wetu wa pili akiwa hajaanza kutembea. Huja Krismasi, huja kukiwa na matanga, na mara moja moja katikati ya mwaka kazi ikisimama. Shamba la ekari tatu nalilima mimi. Natafuta wa kulima kwa ng'ombe, napanda, napalilia mara mbili, navuna, napukuchua, naanika. Hati bado iko kwa jina la baba mkwe, aliyefariki mwaka 2016. Mambo ya urithi hayajawahi kupelekwa mahakamani. Kila ndugu anajua mpaka wake kwa mti na kwa mtaro. Mama mkwe anaishi hatua chache kutoka kwangu, na ana robo ekari yake ya maharagwe nyuma ya jiko.

Serikali ilipoandikisha wakulima wa mbolea ya bei nafuu mwanzoni mwa 2023, mzee wa kijiji alipita hapa pamoja na naibu wa chifu. Mume wangu alikuwa nyumbani wiki hiyo. Alitoa kitambulisho chake na namba yake ya simu. Mimi nilikuwa nawaletea chai, na kusema kweli sikuona ubaya wowote. Yeye ndiye mwenye boma.

Mwaka ule ilienda vizuri. Ujumbe wa kumwita akachukue mbolea uliingia kwenye simu yake, akanieleza, akatuma pesa, mbolea ikafika shambani. Mwaka 2024 tulipata mifuko iliyokuwa na kitu kama mchanga wa mto, ikawa ni ule msimu wa kelele za mbolea ghushi. Tulivuna magunia kumi na moja kwa ekari zote tatu, na mume wangu akakopa kwa mwenzake wa kazini ili karo ilipwe. Baada ya hapo tukaendelea.

Msimu huu mvua ilianza na mimi sijasikia habari ya ujumbe. Jumatatu nikampigia. Akasema bado haujaingia, labda ni mtandao. Majirani walikuwa wameshapata. Alhamisi nikaona heri niende mwenyewe kituo cha kuchukulia mbolea nikaulize. Niliamka saa kumi alfajiri, nikabeba kitambulisho changu na kopi ya kitambulisho chake, nikakodi bodaboda. Kijana alikuja na mipira ya kufungia mizigo ameizungusha kwenye kiti. Tulikaa kwenye foleni hadi saa tano. Karani aliandika namba ya kitambulisho cha mume wangu, akatazama, akafuta, akaiandika tena. Halafu akageuza kioo cha kompyuta kidogo upande wangu.

"Mama, hii imeshachukuliwa. Mifuko mitatu. Jumanne."

Nikamwambia mwenyewe yuko Nairobi. Akaniambia kwa upole, "Mwenyewe ndiye aliyekuja."

Nililipa bodaboda shilingi mia mbili ya kunirudisha mikono mitupu. Njiani yule kijana, baada ya kunyamaza kitambo, akasema kweli alimwona baba watoto Jumanne, mifuko ikipakiwa kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja pale sokoni. Jioni alipanda matatu ya Eldoret. Mshauri, kutoka pale hadi kwetu ni kilomita kumi na nne. Watoto wake walikuwa hapa. Hakufika.

Niliuza mbuzi, nikanunua mfuko mmoja dukani kwa bei inayozidi mara mbili ile 2,500 ya serikali. Mfuko mmoja kwa ekari tatu. Sisi hupima kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shimo. Nikaanza kutia nusu kifuniko. Nilipofika ekari ya tatu nikawa natia samadi peke yake. Sasa mahindi yamefika magotini, na ile ekari ya mwisho majani yamekuwa ya zambarau pembeni. Kila asubuhi nikienda kukamua napita pale, na nikiyaona moyo unawaka upya.

Bado sijamwambia mume wangu kwamba najua. Akipiga simu tunaongea habari za watoto na mvua. Wifi yangu aliye Nairobi alinidokezea kwamba kuna mama anayeuza chakula karibu na mjengo, na kwamba mume wangu hukaa sana pale.

Naibu wa chifu ametangaza baraza Alhamisi ijayo, na anayetaka kurekebisha habari zake kwenye daftari la wakulima aende. Nilimuuliza pembeni. Akasema kama mimi ndiye ninayelima naweza kuandikishwa kwa kitambulisho changu na laini yangu, ila zile ekari lazima zitoke kwa mume wangu, kwa sababu haziwezi kuandikwa mara mbili. Nilimweleza mama mkwe. Alilia. Alisema, "Unamwandika mwanangu kama marehemu." Shemeji yangu alisema mwanamke anayejiandikisha kwa shamba la watu anajiandaa kuliuza. Binti yangu wa kwanza yuko Gredi ya 9, mwakani anahitaji karo ya sekondari ya juu, na karo hiyo inatoka kwenye mahindi haya haya.

Niende barazani au nisiende? Nimwambie mume wangu ninachojua, au ninyamaze ili nyumba isimame?

Mama wa Ekari Tatu, Lugari

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa Lugari,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikwama pale karani alipogeuza kioo. Mara ya pili nilikwama kwenye kifuniko cha soda, kwa sababu nilimwona mtu aliyeinama kwenye mvua akikata riziki ya watoto wake nusu kwa nusu, shimo kwa shimo, huku akijua mfuko uliokuwa wake umeshapanda pikapu ya mtu mwingine. Uchungu huo una haki ya kuwapo, na sitauharakisha uondoke.

Acha nirudie mambo yako kwa maneno yangu, uone kama nimekuelewa. Wewe ndiye mkulima wa shamba hilo, lakini kwenye daftari mkulima ni mume wako, kwa sababu siku ile alikuwa nyumbani na wewe ulikuwa unapeleka chai. Mbolea iliyotolewa kwa ajili ya jasho lako ikaenda kwa aliyeshika simu, naye akaiuza bila kukuambia, na ulipomuuliza hakusema kweli. Sasa umepata njia ya kuweka jina lako pale kazi yako ilipo. Ila njia hiyo inapita barazani, mbele ya macho ya kijiji, na wakwe zako wanaiona kama panga.

Kabla ya kuzungumza juu ya kwenda au kutokwenda, nataka tulitazame daftari lenyewe, kwa sababu naona limebebeshwa mzigo usio wake. Mpango huu wa mbolea ulianza Septemba 2022, wakati mfuko wa kilo 50 sokoni ulikuwa umepanda hadi 6,500 na zaidi. Serikali iliushusha hadi 3,500, kisha Agosti 2023 ikaushusha tena hadi 2,500. Machifu na maafisa wa kilimo waliandikisha wakulima ili mifuko iende kwa wanaolima badala ya wenye malori. Kwa hiyo daftari linauliza nani analima, wapi, zao gani, ekari ngapi, na anapatikana kwa namba ipi. Halimpi mtu hati. Anayekodi ekari mbili kwa jirani huandikwa kwa ekari hizo mbili, na jirani hakosi usingizi kwa hofu kwamba shamba limeondoka.

Na sasa nitazamie jambo moja ulilolitaja mwenyewe. Siku ile mume wako alipotoa kitambulisho, hati ilikuwa kwa jina la nani? La marehemu baba yake. Yeye pia aliandikwa kwa shamba ambalo kwa karatasi si lake. Hakuna aliyelia, wala hakuna shemeji aliyesema anajiandaa kuuza. Sikuambii hivi ili ukawarushie usoni jikoni. Nakuambia ili moyoni mwako utenganishe mambo mawili ambayo watu wa nyumbani wameyafunga kwa kamba moja: mbolea ni ya nani, na ardhi ni ya nani.

Hata hivyo hofu yao siidharau. Magharibi mwa Kenya tumeona familia zikipoteza shamba kwa jambo lililoanza na karatasi ndogo. Mama mkwe wako ni mjane ambaye hati ya mumewe haijashughulikiwa tangu 2016, yaani amekaa miaka yote hiyo juu ya ardhi ambayo jina lake halimo popote. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamlinda kama mke aliyebaki: ana haki ya kuishi na kuitumia mali hiyo maisha yake yote kabla haijawa ya watoto moja kwa moja. Je, kuna mtu amewahi kukaa naye chini akamwambia hivyo? Huenda machozi yale yalikuwa ya mtu anayejua jinsi jina linavyoweza kufutwa, kwa sababu yeye mwenyewe hayumo. Ulisikia "unamwandika mwanangu kama marehemu". Mimi nilisikia pia mwanamke ambaye neno marehemu liko karibu sana na ulimi wake.

Sasa tuje kwa mume wako, na hapa nitakwenda polepole.

Ulichoandika kuhusu yule mama anayeuza chakula ni dokezo la wifi. Linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa mtu wa mjengo anakula pale penye chakula cha bei ndogo, na anakopeshwa. Sijui, na wewe pia bado hujui. Lakini kuna sentensi moja uliiandika kisha ukaipita haraka kama mtu anayepita karibu na kaburi: mwaka 2024 alikopa kwa mwenzake wa kazini ili karo ilipwe. Halafu ukaandika, "Baada ya hapo tukaendelea." Dada, lile deni lililipwa? Lililipwa na nani, na kwa nini? Piga hesabu nami. Mifuko mitatu ya 2,500 ni 7,500. Hata kama aliiuza kwa bei nzuri, faida iliyobaki mkononi ni ya elfu chache. Mtu anayesafiri kutoka Nairobi hadi Lugari na kurudi, analipa nauli mbili na kukwepa watoto wake, kwa ajili ya elfu chache, mara nyingi kuna mtu anayemkaba koo. Au kuna aibu ambayo hawezi kuifikisha mlangoni kwako. Huenda nimekosea. Lakini mbolea mbovu ya 2024 haikuharibu mahindi peke yake kwenye nyumba nyingi. Iliacha madeni, na madeni hayo hayakuandikwa kwenye daftari la chifu yeyote.

Sisemi haya ili kumtakasa. Aliuza kitu kilichokuwa chenu, na Jumatatu alikudanganya. Hilo ni kosa, awe alikuwa na deni au hakuwa nalo. Nasema haya kwa sababu mtakachoongea kitategemea swali utakaloanza nalo. Ukianza na "huyo mama ni nani?", utapata jibu la mama huyo. Ukianza na "Jumanne ulikuwa kilomita kumi na nne kutoka hapa, nini kilikuzuia kufika?", umempa mlango ambao anaweza kuingia akiwa bado ni mume na baba.

Nawe una siri yako sasa. Unajua, na unaongea habari za mvua. Naelewa kwa nini. Kunyamaza kunaonekana kama nguzo inayoshikilia paa. Lakini kila simu mnayopigiana inaongeza tabaka, yeye anaficha alichofanya, wewe unaficha unachojua, na katikati ya siri hizo mbili yule kijana wa bodaboda na karani wanajua yote. Siku itakapofumka, na mambo ya sokoni hufumka, mume wako atakuuliza ulijua tangu lini. Hilo nalo ni gharama ya kunyamaza, uliweke kwenye mizani.

Kitu kimoja hukukiandika, na lazima nikiulize. Je, amewahi kukuinulia mkono? Au kuna mtu katika boma hilo ambaye ukikasirikiwa unahofia usalama wako? Kama jibu ni ndiyo, mpangilio wa kila ninachosema hapa chini unabadilika. Usimkabili peke yako usiku, hakikisha kuna mtu mzima unayemwamini aliye karibu, na namba 1195 ya msaada wa dhuluma za kijinsia hupigwa bure saa zote, nchi nzima. Kama jibu ni hapana, tuendelee.

Kuhusu Alhamisi. Ukienda barazani na kuandikwa kabla hajasikia kutoka kwako, utatoka na jina lako kwenye daftari na msimu ujao ujumbe utaingia kwenye simu yako. Hilo si dogo. Ni karo ya binti yako. Lakini ekari zitakuwa zimetolewa kwake, na atasikia kwa shemeji yako, kwa maneno ya shemeji yako. Atasikia "mkeo amekufuta" na kamwe hatasikia "mkeo alitia nusu kifuniko". Mwanamume aliye mbali, mwenye aibu ambayo bado hajaikiri, akisikia hivyo anaweza kuja nyumbani kwa hasira, au asije kabisa.

Ukimwambia kwanza, hatari ni nyingine. Anaweza kukukataza moja kwa moja, na hapo kwenda kwako kutakuwa kumpinga mume aliyesema hapana, jambo ambalo wewe na mimi tunajua linavyobebwa vijijini. Anaweza kukuambia ungoje arudi, na kungoja kukafika msimu mwingine wa kupanda. Simu nayo ina ubaya wake: huoni uso, anaweza kukata, anaweza kusingizia mtandao kama alivyofanya Jumatatu ile. Ila una siku kadhaa, na Nairobi si mbali kwa mtu aliyeweza kuja kuchukua mifuko. Unaweza kumwomba aje kabla ya Alhamisi kwa jambo la nyumbani. Unaweza pia kumuuliza naibu wa chifu, kwa utulivu kama ulivyofanya mara ya kwanza, kama baada ya baraza bado mtu anaweza kufika ofisini kwake au kwa afisa wa kilimo wa wadi kurekebisha habari zake. Huenda Alhamisi haina ukali unaoupa. Umeisoma kama mlango unaofungwa, nami ningependa ujue kwanza kama kweli unafungwa.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huijaribu, ya kuacha jina la mume na kubadilisha namba ya simu tu iwe ya mke. Inatuliza boma, kwa kuwa hakuna jina lililofutwa. Udhaifu wake umeshauona kwa macho yako: aliyesimama mbele ya karani na kitambulisho chake ndiye aliyepewa. Laini yako ingekufanya ujue mapema ujumbe umeingia, ambalo ni jambo, lakini isingeizuia Jumanne nyingine. Na lile alilokuambia naibu wa chifu kwamba ekari zisiandikwe mara mbili, lishike sana. Wako watakaokushauri uandikwe kimya kimya na yeye abaki vilevile, mpate mara mbili. Mfuko wa ziada unaotoka hapo ni wa mama mwingine aliye kwenye foleni nyuma yako.

Wazee wa ukoo? Wanaweza kusaidia, hasa kama yupo mzee ambaye mume wako humsikiliza na ambaye hana ekari anayoitamani katika boma lenu. Lakini ukianzia kwao, kosa lake litakuwa la hadhara kabla hajapata nafasi ya kulisema mwenyewe, na wazee wakishakaa huwa wanataka kutoa hukumu kuhusu kila kitu, pamoja na mambo ambayo hukuwapelekea. Mimi ningewaweka akiba. Huo ni mwelekeo wangu tu. Wewe ndiye unayewajua.

Unaweza pia kuamua kuacha daftari kabisa, uweke akiba kwenye chama, ununue mbolea yako dukani na kuilinda amani. Wanawake wengi wamefanya hivyo na siwezi kuwadharau. Ila piga hesabu ya amani hiyo kwa mifuko: mitatu ya kupandia na ya CAN, mbolea ya kukuzia, kila msimu, kwa bei ya dukani. Jiulize mbuzi ni wangapi. Na jiulize kama utaiona ni amani kila utakapopita kwenye ekari ya tatu.

Utaambiwa pia habari za sheria, kwa hiyo heri uzisikie kwangu kwanza. Katiba, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya shambani kuwa mchango wa mke au mume, kama inavyohesabu pesa. Nilifurahi siku nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu ya mama zetu. Lakini ardhi yenu bado ni ya marehemu, haijawa mali ya mume wako wala yako, kwa hiyo sheria hiyo usiibebe kama rungu kwenye mazungumzo haya. Ibebe kama kitu kinachokunyoosha mgongo unapoambiwa ulikuwa unalima "shamba la watu".

Na mahindi, maana yenyewe hayangoji tumalize. Majani ya zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni dalili ya kukosa fosforasi, ile inayokuja na mbolea ya kupandia. CAN haitairudisha, kwa kuwa yenyewe ni ya naitrojeni. Lakini usikate tamaa na ekari yote. Mimea mingine hujikokota mizizi ikishashuka na udongo ukipata joto, na samadi uliyotia haijapotea. Kama una pesa za mfuko mmoja tu wa kukuzia, mwombe afisa wa kilimo aje atazame kabla hujaamua uuweke wapi. Huenda akakushauri uutie kwenye ekari zile mbili zenye nguvu, ambako utarudisha zaidi. Muulize pia kuhusu kupima udongo. Sehemu nyingi za magharibi udongo una asidi, na DAP, ile mbolea ya kupandia, ikitumika mwaka baada ya mwaka huiongeza. Pengine shamba lako linahitaji chokaa ya kupunguza asidi kabla ya kuhitaji mfuko wa nne. Nimekwenda pembeni kidogo, lakini umeniandikia kama mkulima, nami siwezi kukujibu kama mke peke yake.

Niruhusu nirudi kwa mama mkwe. Uliandika kwamba analima robo ekari ya maharagwe nyuma ya jiko. Analima yeye, kwa mikono yake. Nilipofika hapo mara ya tatu ya kusoma, nikajiuliza swali ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza katika boma hilo. Jioni moja kabla ya Alhamisi, mkiwa mmekaa mnachambua hayo maharagwe na hasira imepoa, muulize kama siku ile mzee wa kijiji alipopita, yeye aliandikwa. Kama hakuandikwa, muulize kama angependa. Usimwambie lolote juu ya mwanawe kwanza. Mweleze tu kile daftari linachouliza, na usikilize atakachosema.

Halafu niandikie tena, hata kama utakuwa hujaamua.